Uzi Usio na Fundo

Wenye pumu hujuana kwa mabega. Mabega yetu hupanda juu na hayashuki hata tunapocheka, na juu ya mtulinga pana vishimo viwili vinavyozama kila tukivuta pumzi. Ukikaa na mwenzio kwenye benchi la hospitali huna haja ya kumuuliza anaumwa nini. Mimi ni mtu wa Likunja, upande wa Ruangwa, na ugonjwa huu nilikaa nao miaka yote ile ya mradi wa karanga na mingine baada yake. Sasa umepungua. Naandika kwa sababu wapo wanaoamka asubuhi wameshikilia nguzo ya kitanda, na watu wao wanawatazama wasijue la kufanya. Mambo ya kitaalamu mtaambiwa na madaktari. Mimi nitasema yaliyotokea nyumbani kwetu.

Ulianza baada ya kumzaa Hadija, mwanangu wa kwanza. Mtama ulikubali sana mwaka ule. Tulipura na kupepeta tangu asubuhi mpaka jua kuzama, makapi yakajaa uani hata ukawa humwoni aliye upande wa pili. Wanawake wengine walipiga chafya wakacheka, yakaisha. Mimi nilipiga chafya mpaka macho yakavimba, kisha usiku mmoja nikaamka nikakuta hewa haipiti. Niliketi nimeinama, mikono magotini, kifua kinapiga filimbi, mpaka kukapambazuka. Asubuhi nilikuwa nimechoka kama niliyelima shamba la mtu mwingine bila kulipwa.

Kwetu Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, na mwanamke haondoki kwao ovyo. Mume wangu Saidi, mtu wa Lionja, ndiye aliyehamia kwetu. Kwa hiyo nilipougua nilikuwa mgonjwa wa mama yangu na wa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akisomesha watoto chuo cha Kurani. Saidi alishauri tu.

Mama alinipenda kwa mikono. Alichambua sufi mwenyewe, akanishonea mto mnene ili nilale nimeinuka. Alinichemshia nyungu ya majani, akanifunika blanketi juu ya mvuke, na nilipotoka humo nimelowa na kifua kimebana zaidi, alisema ugonjwa unakasirika kwa sababu unafukuzwa. Mjomba aliniandikia kombe, aya kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Akanipa hirizi, nikavaa. Sikukataa kitu. Mtu anayeumwa muda mrefu huwa mwepesi kukubali, maana kukataa kunataka pumzi.

Siku hizo ndipo makatapila yalipokuwa yanang'oa misitu ya Nachingwea ili Wazungu walime karanga, na Saidi alikwenda huko kutafuta kazi, akapata. Kila alipoondoka alifanya kama wafanyavyo wasafiri wote wa kwetu. Alichukua uzi, akafunga mafundo kwa idadi ya siku atakazokuwa mbali, akaniachia. Kila asubuhi nilifungua fundo moja. Uzi ukinyooka, ndiyo siku ya kuchinja kuku. Hakuna nyumba yenye msafiri iliyokosa uzi wa namna hiyo. Lakini mjue utaratibu wake: anayefunga ni yule anayeondoka, tena hufunga mara moja yakaisha. Anayebaki nyumbani kazi yake ni kufungua. Naeleza hili mapema kwa sababu ndilo lililokaribia kuniua.

Mwaka wa pili wa ugonjwa Saidi alimwomba mjomba ruhusa, akanipeleka Nachingwea kwa lori. Njia nzima ilikuwa vumbi jekundu. Tulipofika hospitali nilikaa kwenye benchi la barazani tangu asubuhi, mabega juu, nikitazama miguu ya watu. Kando yangu alikaa bibi mmoja wa Kimakonde mwenye mguu uliovimba. Alinisikiliza kwa muda, kisha akaniuliza taratibu, "Binti, umeficha jogoo humo kifuani?"

Nilicheka, na kicheko kikanibana nusura nianguke. Bibi yule alinishika mgongoni, akaniambia basi asinichekeshe tena mpaka nitoke ndani. Hakuacha kunishika mgongo mpaka nilipoitwa. Sikumwona tena maishani, lakini mkono ule naukumbuka.

Ndani nilimkuta dresa, msaidizi wa daktari, kijana Mnyasa mpole, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza kama changu. Alinisikiliza kifua, akanipa vidonge vidogo vyeupe, vichungu hata mate yakageuka.

"Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni," alisema. "Ukiwa mzima umeze. Ukiwa mgonjwa umeze. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa."

"Unajua kuandika?"

"Najua herufi za chuo tu."

"Hizo mimi sizijui." Akatazama huku na huku, akachukua kipande cha uzi wa katani uliokuwa umefungia kifurushi cha dawa. "Basi chukua huu. Kila usiku utakaobanwa, asubuhi yake funga fundo. Usiku ukiwa mzuri, usifunge. Mume wako akija kuchukua dawa aniletee uzi. Nikiona mafundo mengi nitajua vidonge ni vichache, au havifai. Nikiona machache nitapunguza. Mimi siwezi kulala kwenu nikakusikiliza. Uzi ndio utakaonisimulia."

Nilirudi Likunja na vidonge na uzi. Sasa nitasema ukweli juu ya vidonge, maana wengi husema tu meza dawa na hawasemi dawa inamfanyaje mtu. Vilinitetemesha mikono. Nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Moyo ulidunda mpaka nikausikia masikioni, na usiku ambao sikubanwa nilikaa macho kwa sababu ya dawa yenyewe. Nilikonda, bangili zikawa zinatoka zenyewe nikinawa. Jirani mwenye kikohozi alikuja kuomba vidonge viwili vya kujaribu, nami nikampa, kwani ningemnyimaje? Siku nilipokuwa mzima nilivitazama nikaona kama natupa riziki bure kuvimeza. Halafu kifua kikabana, nikajua kwa nini kijana yule alinisisitizia.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia nilivificha. Niliona haya kumeza kitu mchana na mama yangu amefunga. Nikawa nameza vyote pamoja wakati wa futari, na moyo ukanikimbia hata nikalazwa chini uani. Mjomba aliponiuliza nikamweleza. Akasema, "Zainabu, mgonjwa ana ruhusa. Utalipa ukipona. Usipopona utalipa nini?" Aliondoka bila kusubiri jibu. Kuanzia kesho yake mama aliniwekea maji ya mchana kwenye kikombe kilichofunikwa, nyuma ya mlango, wasipopaona wageni.

Kwa hiyo msidhani mama alikuwa mtu mbaya.

Kila asubuhi baada ya usiku wa kubanwa nilikaa kizingitini penye mwanga, nikautoa uzi wa dresa, nikafunga fundo. Mikono inatetemeka, uzi wa katani mgumu, na mimi napuliza. Mwenye pumu akiishiwa pumzi hubana midomo akapuliza taratibu, ndivyo hewa inavyokubali kutoka. Sikuwa najiona. Mama alikuwa ananiona. Alikuwa anamwona binti yake, alfajiri, kizingitini, amekwisha kwa kukosa pumzi, anafunga fundo na kulipulizia, anafunga tena kesho yake na kulipulizia. Na sisi sote, hata asiyejua kusoma, tumefundishwa tangu utotoni kumwomba Mungu atukinge na wachawi wanaopuliza mafundo.

Hakuniuliza. Na mimi sikumweleza, kwa kuwa sikujua kama kuna la kueleza. Nadhani kwa wakati ule nilikuwa nimekwisha kufa ganzi. Watu huwaza kwamba mgonjwa wa pumu huogopa kila siku. Mwanzoni huogopa. Baadaye hofu nayo hupungukiwa pumzi. Hadija akianguka nilimwinua bila kumpoza. Saidi akirudi nilichinja kuku, nikapika, nikamtazama anavyokula. Mtu angeniambia nyumba inaungua, ningeuliza upande gani.

Uzi ulijaa mafundo. Saidi alipokuja, nilikuwa nimelala, na mama ndiye aliyempa kifurushi cha kitambaa chenye uzi ndani apeleke Nachingwea. Alikwenda nao. Alirudi safari iliyofuata na furaha iliyomjaa usoni, akanipa kile kitambaa na pakiti ndogo ya vidonge kama vya kuonjea.

"Mama Hadija, dresa amefurahi sana," alisema. "Kasema uzi umenyooka wote, hauna fundo hata moja. Umepona. Kasema hivi ni vya akiba tu, vingine wapewe wanaoumwa."

Nilifungua kitambaa. Uzi haukuwa na fundo, kweli. Lakini ulikuwa na mawimbi toka mwanzo hadi mwisho, kama nywele zilizofumuliwa baada ya kusukwa muda mrefu. Saidi, aliyezoea kwamba uzi ulionyooka ni habari njema, hakuona chochote. Dresa naye nadhani aliona uzi wa katani tu.

Nilimtazama mama. Alikuwa anachambua mboga na hakuinua uso. Nikajua. Na sikusema. Kumuuliza mama yako habari za mafundo mbele ya mkwe wake ni kumwita mchawi, na neno hilo likitoka kinywani halirudi. Nilikunja kitambaa nikakiweka chini ya mto wa sufi. Nilijua vidonge havitafika mavuno, na sikuhisi kitu.

Havikufika. Vilikwisha ufuta ulipokuwa unaanikwa, na mtama ukaja nyuma yake. Mama aliniambia nisipepete, nikae. Nilikaa, lakini makapi hayana adabu, yanamfuata mtu alipokaa. Siku ya tatu ya kupura nilianza kubanwa asubuhi na mpaka alasiri sikuweza kusema maneno mawili kwa mfululizo. Kucha zilikuwa na rangi ya bluu. Hadija alisimama mbele yangu akaniuliza, "Mama, unataka nini?" nami nikashindwa kumjibu, naye akarudia na kurudia mpaka mama akambeba akampeleka kwa jirani.

Mjomba na vijana walinibeba kwa kitanda mpaka barabarani. Lori lililopita lilikuwa la mfanyabiashara, limejaa magunia ya ufuta, nikapandishwa juu ya magunia yale yale yenye vumbi. Mama alipanda nami. Alikuwa hajapanda lori maisha yake yote. Alinishikilia kwa mikono miwili safari nzima na midomo yake ilikuwa inasoma dua, na kila alipofika mwisho wa alichosoma alianza upya.

Hospitali nilichomwa sindano, moyo ukaruka, kisha kitu kikafunguka kifuani nikavuta hewa ya kwanza tangu asubuhi. Ilikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Hadi leo nikiisikia harufu hiyo mahali mwili wangu hulegea.

Kesho yake dresa alikuja kitandani. Alikuwa na sura ya mtu aliyedanganywa.

"Mama, uliniletea uzi hauna fundo," alisema. "Nikapunguza dawa. Ulikuwa huumwi?"

Sauti sikuwa nayo. Nilielekeza kidole kwenye kanga yangu, ambako kitambaa kile kilikuwa kimefungiwa pembeni. Mama alikuwa amekitoa chini ya mto wakati wa kunibeba, akakifungia hapo. Dresa akautoa uzi akaushika juu ili mama auone naye. Mama hakuwa anajua Kiswahili cha kutosha, lakini uzi aliuelewa.

Alisema kwa Kimwera, na mgonjwa wa kitanda cha pili akamfasiria. "Nilifungua mimi. Nilimwona anafunga, anapuliza, anafunga, anapuliza. Nilidhani anajifunga pumzi. Au mtu amempa uzi ajifunge. Nikafungua yote ili apumue."

Nilingoja dresa amkemee. Kwetu kijana hamkemei mtu mzima, lakini hospitali ina desturi zake, na nilikuwa nimekwisha kuona wazee wakikemewa. Yeye alivuta kigoda akaketi karibu na miguu ya mama.

"Shikamoo, mama," alisema, kama ndiyo kwanza wanakutana.

"Marahaba."

"Ulipofungua, yalikuwa mafundo mangapi?"

Mama alitikisa kichwa. Hakuhesabu. Kisha akaitazama mikono yake. "Nilianza baada ya alasiri," alisema. "Nikamaliza wanaadhini magharibi. Kucha ziliniuma mpaka kesho yake."

Dresa aligeuza uzi vidoleni, akatazama yale mawimbi. "Basi yalikuwa mengi," alisema. "Asante, mama. Umeniambia nililotaka kujua."

Mama ndipo alipofunika uso kwa kanga. Mimi nilitazama dari. Nilijua kwamba jambo kubwa limetokea na kwamba ingenipasa kumshika mkono, na mkono wangu haukwenda. Naliandika hili kwa mtu ambaye ameugua mpaka hawezi kuwahurumia wanaomhurumia. Hujawa mbaya. Unarudi, ila polepole, na moyo hurudi baada ya kifua.

Kabla sijaruhusiwa dresa aliuliza nalalia nini. Nikasema mto wa sufi. Akasema mto ule utoke, vumbi lake laweza kuwa ndilo linalonitafuta, na nisikae karibu na makapi, na nikifanya kazi ya vumbi nifunge fundo lenye uzi mwekundu kando yake ili ajue. Mama alipofasiriwa habari ya mto aliinama. Alikuwa ameuchambua kwa usiku mwingi. Tulipofika nyumbani aliuchukua mwenyewe akamgawia jirani yule wa kikohozi, na mimi nikalalia kanga zilizokunjwa.

Sikupona hapo hapo. Yalipita mavuno mengine niliyolala nimekaa. Lakini mama alipepeta kwa zamu yangu na yake, na wanawake walipomwambia binti yako amekuwa malkia, alijibu kwamba malkia hufuliwa nguo, mwenzenu hata nguo anafua, na wakacheka wakaacha. Vidonge nilivimeza nikiwa mzima na nikiwa mgonjwa, na jirani akija kuomba nilimwambia aende hospitali kama mimi. Uzi ulikaa kwenye msumari nyuma ya mlango, penye kile kikombe. Nilifunga fundo nikiwa nimemgeuzia mama mgongo ili asione ninavyopuliza. Ilikuwa heshima tu, hakuna aliyeniagiza. Hakuugusa tena. Akifagia alifagia akauzunguka.

Mradi wa karanga ukavunjika, makatapila yakaondoka, Saidi akarudi akapanda mikorosho. Dawa tulizifuata kwa baiskeli na baadaye kwa lori. Nilikuwa nafunga mafundo machache mwaka hata mwaka, mengi yakiwa na kipande chekundu, na siku moja nilishusha mabega bila kukusudia nikashangaa shingo yangu ni ndefu. Nilicheka mwenyewe uani. Furaha ilinijia ghafla hata nikaionea haya.

Mavuno yaliyopita Hadija alikuwa ameshakuwa binti mkubwa, amepita urefu wangu, akasaidia kupepeta kwa mara ya kwanza kama mtu mzima. Alipiga chafya mchana kutwa. Nikasema moyoni ni makapi tu. Kesho yake asubuhi nilimkuta amekaa kizingitini, ameinama mbele, mikono magotini, na mabega yamepanda.

Nilisimama. Ile ganzi ya zamani ilinirudia yote kwa mara moja, miguuni hadi kichwani. Nilisikia filimbi yake na nilijua kila kinachopasa kufanywa, na sikuweza kunyoosha mkono.

Mama alitoka ndani. Siku hizi macho yake ni hafifu, anatembea akipapasa ukuta. Alisimama akasikiliza pumzi ya mjukuu wake, kisha akapapasa nyuma ya mlango mpaka akaufikia msumari. Aliushika uzi wangu, akauachia.

"Huu wako," alisema. "Nipe mwingine."

Nikampa. Alikaa kando ya Hadija, akauvuta uzi ukakaza, akafunga fundo. Alilifunga taratibu, uso ameugeuzia upande wa pili ili pumzi yake isiliguse. Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, mbele ya mwanangu mgonjwa.

Mama hakunibembeleza. Aliuweka uzi kiganjani mwangu akanikunja vidole juu yake.

"Lori la Nachingwea linapita sasa hivi," alisema. "Mpeleke mwenyewe. Na uzi usimpe mtu akushikie. Hata mimi."